Kilio cha Dungu katika Klabu ya Garsen

Mtu aliyeniomba niandike historia ya klabu ya Garsen ndiye ninayemchukia kuliko watu wote niliopata kuwajua, na kwa sababu hiyo nilikubali bila kusita. Alinipigia simu mwanzoni mwa kiangazi cha mwaka huu. Sauti yake imekuwa nyembamba, lakini namna yake ya kuamuru haijapungua. Alieleza kwamba unajengwa ukumbi wa utamaduni, kwamba ukutani, karibu na mlango, yatabandikwa maelezo ya mambo ambayo mji huu umeyatoa kwa nchi, na kwamba klabu yake ni mojawapo ya mambo hayo.

"Wewe ni msomi," aliniambia, "na ni mtoto wa huku. Andika vizuri. Andika kwamba muziki wa souli wa Tana ulianzishwa na mimi. Jina langu liwe juu, Profesa, kabla ya jina la mtu mwingine yeyote."

"Nitaandika kila kitu kama kilivyokuwa, Mzee," nilimjibu, naye akanishukuru.

Hakunikumbuka. Nilisubiri katika mazungumzo yote aniulize mimi ni wa nyumba gani ya kijiji cha Wema, kama mtu yeyote wa Garsen angeuliza kabla hata ya kumaliza salamu, lakini hakuuliza. Alikwisha kumsahau dada yangu, na kwa hiyo alikwisha kunisahau mimi.

Nianze na jengo, kwa kuwa jengo halina hatia. Lilisimama karibu na mahali ambapo njia ya Hola inaachana na ile ya Lamu. Kuta zilikuwa za matofali ya udongo yaliyopigwa lipu, paa la mabati, na sakafu ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu ambayo iliacha alama kwenye nyayo za wachezaji. Nyuma palikuwa na jenereta. Ilipochoka, santuri zilipunguza mwendo, na waimbaji wa Marekani wakageuka ghafla kuwa wazee wenye mafua. Pembeni mwa jukwaa liliwekwa karai la samadi kavu ya ng'ombe, likawashwa ili moshi ufukuze mbu. Samadi yenyewe ililetwa na mama mmoja wa Kiorma aliyeuza maziwa sokoni. Wageni waliotoka miji mikubwa waliusifu moshi ule wakidhani ni pambo la jukwaa. Hatukuwasahihisha.

Mwenye klabu husema kwamba aliagiza souli kutoka Nairobi kwa akili yake mwenyewe. Si kweli. Souli ililetwa na mafuriko. Tana ilipotapika maji yake na barabara ikakatika, mabasi ya kwenda Lamu na ya kutoka huko yalikwama kwetu, na abiria wakajaa katika nyumba za kulala wageni mpaka kwenye baraza zake. Walikuwa walimu, wauguzi, askari waliohamishwa kituo, makarani. Watu wenye mishahara, wasio na kazi ya kufanya wala njia ya kuondokea. Jumapili alasiri walikwenda kwenye bugi, yaani dansi ya mchana ambapo soda ziliuzwa zaidi kuliko pombe, wamevaa viatu vya raizoni vyenye visigino vizito na nywele wamezichana zikasimama kama kofia. Katika mizigo yao zilikuwamo santuri. Walizitoa ili zipigwe, na maji yalipopungua, wengine waliziacha. Hivyo ndivyo mkusanyo wa klabu ulivyopatikana, na hivyo ndivyo vijana wa Garsen walivyojifunza kucheza wakiwa wamejishika kifua kana kwamba wamepigwa risasi.

Dada yangu aliingia katika klabu ile kwa mlango wa jikoni. Alikuwa akipika wali na samaki wa mtoni kwa ajili ya wachezaji, na alipokuwa akiosha sufuria aliimba. Mpiga gitaa wa bendi alimsikia, akatoka nje akiwa na gitaa lake shingoni, akamwambia, "Dada, acha hizo sufuria. Sisi huko ndani tunapiga kelele tu."

Nilikuwa chuo cha ualimu wakati huo, na likizo zote nilizimaliza Garsen. Kazi yangu ilikuwa kumpatia maneno. Nilikaa karibu na gramafoni, nikainua sindano na kuirudisha, nikainua na kuirudisha, mpaka nikaupata kila mstari. Kisha nikamwandikia sauti ya Kiingereza kwa herufi za Kiswahili na maana yake chini. Yeye hakuridhika na maana.

"Huyu analia nini?" aliuliza.

"Ameachwa na mumewe."

"Na anamwambia nini?"

"Anamwambia arudi, mlango uko wazi."

"Muongo. Mtu aliyeachwa haimbi akiwa ameshiba hivi. Lete mwingine."

Sasa sina budi kueleza jambo ambalo msomaji asiyetoka katika mashamba ya mpunga huenda halijui. Mpunga unapoanza kutoa suke, ndege wadogo hushuka kwa makundi, na shamba lisilolindwa huliwa kabla jua halijawa kali. Kwa hiyo hujengwa dungu, jukwaa la miti lililoinuliwa juu ya mpunga, na mtu hukaa hapo mchana kutwa akiamia ndege kwa kombeo, kwa debe na kwa sauti. Mimi na dada yangu tulikulia juu ya dungu la baba yetu, ng'ambo ya mto kutoka nyumbani. Kutoka dungu moja hadi jingine watu hawaonani vizuri, ila husikilizana, na kilio kina utaratibu. Kilio cha ndege kuingia huanza juu, kikashikiliwa, kikavunjika kooni, halafu kikashuka kwa ngazi mbili. Anayekisikia lazima aitikie, kwa maana asiyeitikia amelala, na aliyelala amewalisha ndege mpunga wa jirani zake. Kuna vilio vingine pia, kila kimoja na shughuli yake, nami nitakuja kwenye kimojawapo.

Jumapili moja ya mafuriko, dada yangu alikuwa katikati ya wimbo wa mwanamke anayemsihi mtu asiondoke, na maneno niliyomwandikia yakamtoka kichwani. Hakunyamaza. Alifunga macho, akapiga kilio cha ndege kuingia, chote, kuanzia juu hadi ngazi ya mwisho. Ukumbini walikuwamo watu wa vijiji vya Wema, Wenje na Ozi, wengine wakiwa na vikombe mdomoni. Wote waliitikia. Hawakuamua kuitikia, miili yao iliitikia, kama mtu anavyoitika anapoitwa jina lake. Wapishi waliitikia kutoka jikoni. Kisha kimya kikaanguka, wakatazamana kwa haya, na mpiga ngoma, ambaye hakujua lolote kuhusu mpunga, akaingiza pigo lake katika kimya kile. Mwalimu mmoja aliyekwama na basi alipanda juu ya kiti akipiga makofi na machozi yakimtiririka.

Hapo ndipo souli ya Tana ilipozaliwa. Nalisema hili kwa uhakika wote ambao elimu yangu inaniruhusu. Tangu siku hiyo watu hawakuja kusikiliza santuri. Walikuja kuitikia.

Mwenye klabu alikuwa mtu wa Malindi, mtu wa mjini, na alichokisikia katika kilio kile ni faida tu. Habari ilipofika kwamba watu wa kampuni moja ya kurekodi santuri wangepita Garsen, wakae Jumapili moja na mitambo yao, alituita sote jukwaani Jumamosi asubuhi. Bendi ilikuwapo, wapishi walikuwapo, nami nilikuwapo.

"Kesho nitaimba mimi," alisema.

Mpiga gitaa alicheka, akidhani ni mzaha. "Bosi, wewe utaimba nini? Bei ya soda?"

"Nitaimba nyimbo zile zile. Wageni hawajatoka Nairobi kuja kumtazama mwanamke wa mpunga mwenye masizi mikononi." Kisha akamgeukia dada yangu. "Mama, hapa si shambani. Wewe rudi ukafukuze ndege. Lakini kabla hujaenda, nifundishe ile kelele yako."

Wengine walicheka. Nawakumbuka waliocheka, na ninajua wapi kila mmoja wao amezikwa au anaishi. Dada yangu hakuonyesha kitu. Alijifuta mikono kwa kanga yake, akasema, "Sawa, Bosi. Sogea hapa, simama wima. Kelele hii inatoka tumboni."

Akamfundisha. Alimfundisha kwa uvumilivu ambao sijapata kuuona kwa mwalimu yeyote, akimrudisha alipokosea, akimsifu alipopata. "Anza chini, Bosi. Chini kabisa. Haya, panda. Sasa kata. Kata tena. Maashallah." Mimi niliielewa sauti ile tangu pumzi ya kwanza na nikalazimika kuinama nifunge kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba.

Mtu aliye juu ya dungu hawezi kushuka ovyo. Akishikwa na haja, akitaka kwenda vichakani, huwaaga jirani zake ili wamwangalilie sehemu yake ya shamba. Kilio cha kuaga huanza chini, hupanda, halafu hukatwa mara mbili. Maana yake ni: nashuka kwenda haja, niangalilieni. Jibu lake ni fupi, sauti moja bapa: nenda, naangalia.

Jumapili alasiri mwenye klabu alisimama mbele ya mitambo, suti nyeupe mwilini, kipaza sauti mkononi kama fimbo ya ufalme. Akaimba ubeti wa kwanza kwa Kiingereza chake cha dukani. Akafumba macho. Akautangazia umma wa Garsen, kutoka tumboni kama alivyofundishwa, kwamba anakwenda haja.

Kisha mama mmoja wa Wenje, ambaye malezi yake yalikuwa na nguvu kuliko adabu yake, akamjibu: nenda, naangalia. Ukumbi mzima ukalipuka. Watu waliangua kicheko, wakaanguka juu ya mabega ya wenzao, wakajibu kwa pamoja, na kadiri walivyojibu ndivyo yeye alivyozidi kulia. Wageni wa kampuni waliinua vidole gumba. Santuri ikatengenezwa, redio ikaipiga, na nchi nzima ikasikia. Baadhi ya watu wetu waliokuwa kazini Mombasa walikuja likizo wakiuliza kama tumerogwa.

Hakuna aliyemwambia, na katika mambo yote niliyoyachunguza hili ndilo linalonishangaza zaidi. Vijiji vyetu havikubaliani hata juu ya mahali pa kufunga mtumbwi, lakini juu ya siri hii vilikubaliana bila kikao. Alilia kilio kile kila Jumapili mpaka klabu ilipofungwa, na baada ya hapo amekilia katika arusi, katika mikutano ya siasa, katika mahojiano ya redio, akieleza kwamba alikibuni mwenyewe usiku mmoja alipokuwa akiwaza juu ya mateso ya mtu mweusi.

Msomaji anaweza kusema: basi mmekwisha kulipiza, mwacheni. Siwezi, na sababu yangu ni moja. Dada yangu alirudi Wema Jumapili ile ile kabla mitambo haijafungwa, na hakuimba tena. Hakuimba kanisani wala kwenye arusi yangu, na wanawe alipowabembeleza aliwabembeleza kwa kuwapigapiga mgongoni, kimya. Sauti yake haikuhifadhiwa popote. Ya yule mtu imehifadhiwa. Mtoto wa leo akitaka kujua souli ya Tana ilikuwaje, atamsikia mwanamume asiyejua kuimba akiomba ruhusa ya kwenda vichakani, na ataambiwa kwamba huyo ndiye mwanzilishi. Kicheko hakikuufuta uongo huu. Nilitaka sauti irudishwe kwa mwenyewe, kwa kinywa cha aliyeiba, mbele ya watu.

Kabla ya kwenda kwake nilikwenda Wema. Dada yangu alikuwa ameketi barazani akipepeta mchele.

"Bado analia?" aliniuliza nilipomweleza.

"Bado. Amelia juzi kwenye arusi ya mjukuu wake."

Alicheka mpaka akaweka ungo chini. "Basi mwache. Unataka nini tena kwa yule babu?"

"Nataka aseme kwamba sauti ilikuwa yako."

"Hatasema."

"Akikataa nitamwambia maana ya kile anacholia."

Alichukua ungo tena, akapepeta muda mrefu kuliko mchele ule ulivyohitaji. Nilidhani atanikataza. "Kama ni lazima umwambie, mdogo wangu," alisema hatimaye, "mwambie polepole. Na jina langu usilitie kwenye karatasi moja na lake."

Nilifika nyumbani kwa mzee yule alasiri. Alikuwa amewakusanya wanawe sebuleni, wanaume wawili na binti mmoja, watu wazima wenye heshima zao, na juu ya kabati palikuwa na picha ya marehemu mkewe, mwenyeji wa Ozi, aliyeaga dunia miaka michache iliyopita. Waliniletea chai na mahamri. Nilitoa karatasi zangu nikaanza kusoma.

Nilisoma polepole. Jina lake nililiweka juu, kama alivyoagiza, na kila lilipotokea alitikisa kichwa kwa kuridhika. Alifurahia jengo. Alifurahia jenereta. Nilipofika kwenye mafuriko alikunja uso kidogo, na nilipofika kwenye dungu aliinua mkono.

"Haya ya ndege ya nini, Profesa? Hii ni historia ya muziki."

"Tunafika, Mzee."

Nikasoma kilio cha ndege kuingia. Nikasoma nani alikilia kwanza. Nikasoma Jumamosi asubuhi, neno kwa neno, kelele na masizi na yote. Kisha nikasoma kilio cha pili, kinavyoanza chini, kinavyopanda, kinavyokatwa mara mbili, na maana yake, na jibu lake. Binti yake alifunika mdomo kwa mtandio. Mmoja wa wanaume aliondoka akaenda kusimama dirishani, mabega yakimtetemeka, na sikuweza kujua kama ni kwa aibu au kwa kicheko.

Mzee alinitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Wewe ni ndugu wa yule mpishi."

"Ndiyo, Mzee. Wa tumbo moja."

"Futa hayo."

"Nitafuta kilio cha pili chote, Mzee, nisikiandike kamwe, ukiwaambia wanao hawa sasa hivi kwamba mwanzilishi ni yeye."

Nilimwachia nafasi. Nilimwachia nafasi kubwa kuliko aliyompa dada yangu. Aliwatazama wanawe, akaitazama chai yake, na kiburi kilimpanda usoni mbele ya macho yangu kama maji yanavyopanda ukingoni.

"Mpishi hawezi kuanzisha kitu," alisema.

"Basi itabaki kama nilivyosoma."

Alikisukuma kikombe chake kando. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, "Tangu lini watu wanajua?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Toa jina langu."

"Lipi, Mzee? La juu?"

"Lote. Kila mahali. Lisionekane."

"Lakini Baba," binti yake alisema, "si wewe uliyetaka..."

"Nimesema lote!"

Nikatoa kalamu, nikalikata jina lake palepale mezani, mstari mmoja juu ya kila lilipotokea, naye akihesabu kwa macho kuhakikisha sijaruka hata mahali pamoja. Ndiyo maana msomaji hajalikuta hapa, na ukutani hatalikuta pia. Maelezo niliyoyapeleka kwenye ukumbi wa utamaduni yanasema kwamba souli ya Tana ilianzishwa na mwanamke wa Wema aliyekuwa akipika katika klabu. Wanaomjua watamjua.

Alinisindikiza hadi langoni, kwa kuwa hata yeye ana ustaarabu wa kumsindikiza mgeni. Alilishika lango na hakulifungua.

"Mama watoto wangu," alisema. "Alikuwa akikaa kiti cha mbele. Kila Jumapili, mpaka mwisho. Na yeye alikuwa akiitikia."

"Namkumbuka. Aliitikia vizuri sana."

"Alijua?"

Ningeweza kusema kwamba huenda mke alimjibu mumewe kwa mapenzi, kwamba mtu anayesema naangalia huenda anaangalia kweli. Wazo hilo lilinijia likiwa kamili, na nikaliona kuwa linawezekana kabisa. Sikumpa.

"Ozi wanalima mpunga, Mzee," nilimwambia. "Alijua." Nikalifungua lango mwenyewe, nikamtakia heri, nikashika njia ya kwenda barabarani.